Kitufe cha Pongeza

Nchi ninayoisimulia inaitwa Mbwembwe. Usihangaike kuitafuta kwenye ramani, na ukiona inafanana na nchi unayoijua wewe, hilo ni tatizo la macho yako, nenda ukapime. Mimi ni mwananchi wa huko na kazi yangu ni mshereheshaji wa uzinduzi wa taifa. Kwetu kitu ambacho hakijazinduliwa hakipo. Daraja lisilokatiwa utepe hatulivuki; tunapita chini yake kwenye maji, tumekunja suruali, tukilisifu lilivyo zuri. Kwa hiyo mimi nimekuwapo kila mahali na kipaza sauti changu, nikisema "makofi tafadhali", na ndiyo maana naweza kukueleza jinsi programu ya kompyuta ya bure ilivyoingia nchini mwetu, na jinsi ilivyomfikia mjukuu wangu kabla hajafungua macho.

Zamani ofisi zote za serikali zilitumia programu za kampuni moja ya ng'ambo. Sisemi tulizinunua. Nasema tulizitumia. Kwenye kona ya kila skrini palikuwa na maandishi madogo yanayosema NAKALA HII SI HALALI, nasi tulikuwa tumeyazoea kiasi kwamba makarani wapya walidhani ni kaulimbiu ya serikali. Kisha Mheshimiwa Daima, ambaye ni rais wetu, akalihutubia taifa kwenye televisheni huku nyuma yake kompyuta ikiwa imewashwa. Muda wote alipokuwa akieleza jinsi alivyoshinda uchaguzi, maneno yale yalionekana vizuri juu ya bega lake la kulia. Kesho yake ikaamuliwa kwamba tutafute programu nyingine.

Profesa mmoja wa chuo kikuu akaitwa mbele ya Baraza la Mawaziri, nami nilikuwapo kwa ajili ya makofi. Akasema ipo programu iitwayo Kalamu Huria. Inaandika barua, inapanga majedwali, inachora, na imetengenezwa na watu wa kujitolea wa dunia nzima. Masharti yake ni mafupi: itumie upendavyo, isome ilivyotengenezwa, ibadilishe ukitaka, na mpe mwenzako. Bei hakuna.

Mawaziri wakatazamana. Akasimama Mheshimiwa Dakta Injinia Gaudensi Marembo, Waziri wa Uhuru na Vifaa Vyake.

"Bure," alisema. "Yaani bure bure?"

"Bure kabisa, Mheshimiwa."

"Hata kuisafirisha?"

"Inashuka yenyewe kwenye mtandao, Mheshimiwa. Hata sasa hivi naweza..."

"Subiri kwanza. Sasa sisi tunaingilia wapi hapo?"

Profesa hakulielewa swali, ndiyo maana hadi leo ni profesa tu. Wenzake walilielewa. Ikatangazwa zabuni ya kununua kitu cha bure, na waombaji wote walioandika "bure" kwenye nafasi ya bei walienguliwa kwa kukosa uzito. Akabaki mmoja, shemeji wa Mheshimiwa Marembo, mtu ambaye hapo awali alikuwa akiuza magodoro. Aliileta programu kwa makontena, yakapangwa katikati ya uwanja wa taifa, yamefungwa kwa lakiri. Ndani hamkuwa na kitu, lakini utepe unahitaji mahali pa kufungwa.

"Ndugu wananchi," alisema Mheshimiwa Marembo siku ile, jasho likimtiririka ndani ya suti ya vipande vitatu, "mababu zetu waliandika kwa vidole mchangani. Leo tunaandika kwa uhuru. Na ili asiwepo mtu wa kuuchezea uhuru huu, kuanzia sasa uhuru ni wa lazima! Atakayekutwa na programu isiyo huria, jela!"

Nikasema makofi tafadhali. Yakapigwa.

*

Ukweli ni kwamba ile programu ilikuwa nzuri. Wiki za mwanzo makarani walikuwa wakimaliza kazi mapema, wakakosa la kufanya, wakaanza kuwahudumia wananchi. Hilo liliwashtua wakubwa. Ndipo wakayakumbuka masharti yale mafupi, hasa lile la kubadilisha.

Kwetu ofisa akikabidhiwa kitu na kukipitisha mbele kama kilivyo, watu husema alikuwa amelala. Ni lazima atie mkono. Barua ikipita kwa wakubwa kumi hufika ikiwa haisomeki kwa masahihisho, na huyo wa mwisho hupandishwa cheo. Sasa fikiria watu wa namna hiyo wamepewa kitu ambacho kimeandikwa wazi kwamba kila mtu anaruhusiwa kukibadilisha.

Waziri wa Habari ndiye aliyetangulia. Aliagiza kwamba hakuna faili itakayofunguka kabla programu haijatoa salamu za itifaki kwa sauti. Karani akibofya jedwali la mbolea, kompyuta ilikohoa, ikaanza: "Mheshimiwa mgeni rasmi, waheshimiwa mawaziri, wakuu wa mikoa, viongozi wetu wa dini, wazee wetu, kina mama, wasanii wetu mliotuburudisha..." Karani alikwenda kunywa chai na chapati, na aliporudi bado walikuwa wanatambuliwa wajumbe wa kata. Ilipofika kwenye "itifaki imezingatiwa" ndipo faili ilipofunguka. Mara nyingi umeme ulikuwa umeshakatika.

Waziri wa Utamaduni akafuta maandishi yote membamba, akisema yanalikumbusha taifa njaa. Mkuu wa Majeshi akakipa kipanya cheo cha koplo. Mke wa Mheshimiwa Daima akaweka picha ya mumewe katikati ya kila ukurasa, nawe ulitakiwa kuandika pembeni pembeni, usimkanyage. Mwishowe printa zote nchini zikagoma. Yule profesa akawaandikia wale watu wa kujitolea huko mtandaoni kuomba msaada, nao wakajibu kwa upole kwamba kwao inachapisha vizuri, je, ninyi mmeifanya nini? Swali hilo lilichukuliwa kuwa ni kuingilia mambo yetu ya ndani, na balozi wa nchi moja ambayo haikuhusika hata kidogo akafukuzwa.

Lakini badiliko kubwa lilifanywa na Mheshimiwa Marembo mwenyewe. Programu ile ilikuwa na kitufe kiitwacho Tendua. Ukikosea, unakibonyeza, na kosa ulilolifanya sasa hivi linaondoka, mambo yanarudi yalivyokuwa. Mheshimiwa alionyeshwa kitufe hicho na katibu wake, akakaa chini polepole.

"Kutendua?" alisema kwenye Baraza la Mawaziri. "Waheshimiwa, serikali hii tangu ilipoingia madarakani imewahi kutendua nini? Barabara tuliyoijenga ikaishia kwenye mwamba, tuliitendua? Hatukuuzindua ule mwamba? Kitufe hiki kinafundisha watumishi kwamba mkubwa anaweza kukosea. Mimi naona ni uhaini kabisa huu, tena uko juu ya skrini, upande wa kushoto, ambako ndiko hukaa wapinzani!"

Tendua ikang'olewa. Mahali pake pakawekwa kitufe kipya kilichoandikwa Pongeza. Ukikibonyeza, kompyuta inapiga makofi. Makofi yenyewe ni yangu. Waliniita studio, nikayapiga nikirekodiwa, na sikulipwa hata soda. Waziri wa Habari naye, kwa kuwa hakutaka kupitwa, akaongeza kwamba jambo lolote litakalopongezwa lisambazwe papo hapo kwenye ofisi zote kama agizo. Maana jambo likishapigiwa makofi, alisema, kuna haja gani tena ya kulijadili?

*

Katika Wizara ya Majengo alikuwapo katibu muhtasi aitwaye Bi Shuwea, mwanamke makini mwenye vidole vyepesi. Alipewa jedwali lenye safu mbili. Safu moja ilikuwa ya majengo ya kubomolewa, ya pili ya majengo ya kupakwa rangi na kuzinduliwa. Akanakili orodha, akabandika, na kwa kuwa picha ya Mheshimiwa Daima ilikuwa imeziba vichwa vya safu, mstari mmoja ukaangukia kusiko. Zahanati ya Mto Kavu ikaenda kwenye kubomolewa. Machinjio ya zamani ya Mto Kavu, gofu ambalo hata mbwa walikuwa wamelihama, yakaenda kwenye kupakwa rangi.

Bi Shuwea aliliona kosa saa ile ile. Kidole chake, kwa mazoea ya miaka, kikakimbilia pale ilipokuwa Tendua. Kompyuta ikampigia makofi.

"Mungu wangu," alisema. Akabonyeza tena. Makofi yakazidi.

Nchi nzima ikapokea agizo. Kule Mto Kavu lilisomwa na Sista Perusi, muuguzi mkuu wa zahanati, mwanamke wa miraba minne ambaye sauti yake ilitosha kumnyamazisha mtoto na baba yake kwa pamoja. Zahanati ile ilikuwa ndiyo pekee kwa bonde zima. Ilikuwa na wodi ya wazazi yenye vitanda vinavyolia na paa linalovuja upande mmoja, lakini mama akiingia na uchungu alitoka na mtoto. Ukibomoa pale, mama mjamzito atatafuta kitanda kingine hadi ng'ambo ya milima, na wengi hawafiki. Mwanangu Mwamini ameolewa Mto Kavu, na wakati ule alikuwa na mimba kubwa. Kwa hiyo habari hii niliifuatilia, tofauti na habari nyingine za serikali, ambazo mimi huzitangaza tu.

Sista Perusi akapanda basi hadi mji mkuu. Nilimkuta kwenye korido za Tume ya Uhuru, ofisi inayoisimamia programu ile, nikamsindikiza kwa Kamishna Hamadi Tipwa, nikidhani kunifahamu mimi kungemsaidia.

"Mheshimiwa Kamishna," alisema, "kuna mstari mmoja umekaa vibaya kwenye jedwali. Nimekuja urekebishwe, basi. Sina jingine."

"Mama yangu, karibu sana," alisema Kamishna, akiegemea kiti chake mpaka kikalalamika. "Kwanza nikupongeze." Akabonyeza kitufe. Nikasikia makofi yangu. "Pili nikuelimishe. Programu hii ni huria. Unaruhusiwa kubadilisha chochote."

"Basi badilisha mstari."

"Chochote isipokuwa kilichokwisha kuamuliwa."

"Kosa la kubandika nalo limeamuliwa na nani?"

"Na programu, mama. Na programu ni mali ya umma, kwa hiyo mmeamua wenyewe."

Sista Perusi akajaribu njia nyingine. "Nasikia ile ya mwanzo ilikuwa na kitufe cha kurudisha mambo nyuma. Nipeni hiyo. Si ni bure?"

Kamishna akatupeleka ukumbini kwa fahari. Kulikuwa na kabati refu la kioo, na ndani yake vitabu vinene vimepangwa migongo kwetu. Kalamu Huria yote, yaani chanzo chake au maandishi iliyotengenezwa kwayo, herufi kwa herufi, ilikuwa imechapishwa na kujaladiwa kabla printa hazijagoma. Juu ya kabati paliandikwa CHANZO KIKO WAZI. Kufuli lake lilikuwa la ukubwa wa ngumi.

"Lakini pamefungwa," alisema Sista.

"Chanzo kiko wazi, mama. Kabati ndilo lililofungwa. Usichanganye mambo mawili."

"Na watu wangu wanaojifungua, niwapeleke wapi?"

Hapo Kamishna akakasirika kidogo, kama wanavyokasirika wakubwa wetu unapowatajia watu. "Tatizo lenu mmezoea programu za kununua," alisema. "Mnataka kufanyiwa. Huu ni mfumo wa kujitegemea! Mtumiaji akiona kasoro hasubiri serikali, anajirekebishia mwenyewe huko huko aliko. Hiyo ndiyo maana ya uhuru. Kajirekebishieni!"

Sista Perusi alisema, "Haya baba, nimekuelewa." Alitoka akitembea kwa haraka sana kwa mtu aliyeshindwa, na njiani aliniuliza swali moja tu: wakija kubomoa, wanalijuaje jengo? Nikamwambia ukweli. Serikali yetu haitazami majengo, inasoma vibao.

*

Siku ya kubomoa niliitwa, maana ubomoaji nao huzinduliwa. Katapila lilikuwa limefungwa utepe. Mto Kavu nzima ilisimama kando ya barabara, kimya, na mwanangu Mwamini hakuwapo. Niliambiwa amepumzika.

Upande mmoja wa barabara palikuwa na kile kigofu cha machinjio, na mbele yake kibao kilichoandikwa ZAHANATI YA MTO KAVU. Upande wa pili palikuwa na jengo lenye vyandarua madirishani na kanga zimeanikwa uani, na mbele yake kibao cha zamani chenye kutu kilichoandikwa MACHINJIO. Niliangalia vibao, nikaangalia mikono ya Sista Perusi, ambayo ilikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko. Nikasafisha koo na kukaribisha wageni.

Msimamizi wa ubomoaji, mtu wa kufuata sheria, aliingia kwanza kukagua. Akatoka na maswali.

"Sista, hii zahanati mbona ina ndoana za chuma darini?"

"Za kutundikia dripu."

"Na ule mfereji wa damu sakafuni?"

"Hapa wanajifungua wengi," alisema Sista Perusi.

Akaridhika. Kigofu kikaangushwa, vumbi likatanda, nami nikasema makofi tafadhali. Nakuambia, sijawahi kusikia wananchi wakipiga makofi namna ile. Waheshimiwa waliguswa, wakasema kwa kweli watu wa Mto Kavu ni wazalendo. Unawabomolea zahanati na bado wanashangilia.

Haikupita muda wakaja mafundi kulipaka rangi lile jengo jingine. Walilipaka vizuri, wakaziba hata paa, kazi ambayo zahanati ilikuwa imeiomba tangu enzi za rais aliyepita, na kwetu rais haondoki upesi. Akaja Mheshimiwa Dakta Injinia Marembo kuzindua. Akakata utepe, akaingia na msafara wake, akapita katikati ya vitanda.

"Mbona kuna vitanda kwenye machinjio?" aliuliza.

"Ng'ombe wanapumzika kwanza, Mheshimiwa," alisema Sista Perusi. "Nyama ya mnyama mwenye wasiwasi ni ngumu."

"Umeona!" Mheshimiwa aliwageukia waandishi. "Haya ndiyo machinjio ya kisasa!"

Nyuma ya pazia mama mmoja akapiga ukelele wa uchungu. Msafara ukasimama. Mheshimiwa akainua kidole, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Nasikia kazi inaendelea," alisema. Sauti ile ilikuwa ya Mwamini wangu. Niliitambua, lakini nilisema makofi tafadhali kwa sababu ndiyo kazi yangu, na kwa sababu makofi yaliufunika ukelele wa pili.

Mjukuu wangu alizaliwa wakati Mheshimiwa akinywa soda.

*

Ungedhani hadithi imeishia hapo kwa furaha, nami ningependa iishie hapo. Lakini programu yetu haisahau. Kwenye jedwali, zahanati ilikuwa imebomolewa, kwa hiyo dawa zikakatwa. Machinjio yalikuwa yamezinduliwa, kwa hiyo vifaa vikaanza kumiminika: visu, chumvi ya mawe, mabuti ya mpira, na kalenda yenye picha ya fahali. Sista Perusi aliandika barua akiomba glavu na dawa ya usingizi. Wakamletea shoka.

Na akaja bwana nyama, yaani mkaguzi wa nyama. Jina lake Ezron, mtu mpole anayetembea ameinama kidogo, na alikuwa na barua ya kazi inayosema akague kila kitakachotoka ndani ya jengo lile na kukipiga muhuri. Alipofika akakuta watoto wachanga. Alikaa kwenye benchi la nje mchana kutwa, kofia magotini, asijue la kufanya. Sista Perusi alimfukuza kwa ufagio, akaondoka. Lakini akina mama walipokuwa wakirudi nyumbani, askari wa kizuizi cha barabarani waliwasimamisha. Kompyuta yao ilionyesha kwamba wametoka machinjioni, na mzigo wa machinjioni usio na muhuri haupiti. Mama mmoja alikaa kizuizini na mtoto wake kwenye jua mpaka jioni.

Kwa hiyo Sista Perusi mwenyewe ndiye aliyemfuata Ezron na kumrudisha. Siku hizi huja asubuhi, na hata watoto waliozaliwa kabla hajaja hupigwa muhuri wakiletwa kupimwa. Huupasha muhuri moto kwa kuukumbatia viganjani, ili chuma kisimshtue mtoto, kisha huubandika kwenye paja kwa wino wa zambarau, akisema "samahani mama" kwa kila mmoja. Sista huangalia ukutani mpaka amalize.

Siku ya arobaini ya mjukuu wangu ndugu walijaa uani. Mwamini akanipa mtoto nimshike, akaniomba nishereheshe kidogo, kama ninavyofanya kwa wakubwa. Nikamfunua kanga ili wamwone. Lilikuwa paja nene, zuri, lenye vikunjo, na juu yake wino haujafifia hata kidogo: SERIKALI YA MBWEMBWE. IMEKAGULIWA. YAFAA KULIWA.

Wapo wanaosema ule muhuri ni tusi na lazima uondolewe. Walipeleka malalamiko kwa Kamishna, akawapongeza. Mimi sisemi ni tusi. Nimezindua kila kitu cha serikali hii, hotuba zao nimezisikia zote, vibao vyao nimevisoma vyote, na hayo maneno yaliyokuwa pajani kwa yule mtoto ndiyo maandishi pekee ya serikali yetu niliyowahi kuyaona ambayo hayakuwa na uongo ndani yake.

Ndugu walikuwa wameshainua mikono, wananisubiri mimi niseme. Nilimfunika mtoto, nikamrudisha kwa mama yake, nikaketi.